Kutegemeka kwa Vyanzo vya Historia katika Majibu ya Mtihani: Mfano wa Vita vya Maji Maji, 1905–1907

Ikisiri

Insha hii inajadili namna watahiniwa wa somo la Historia wanavyojibu maswali yanayowataka wapime kutegemeka kwa chanzo. Mfano uliotumika ni Vita vya Maji Maji, na vyanzo vilivyochunguzwa ni kitabu cha Gavana Götzen cha mwaka 1909, utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini, masimulizi yaliyokusanywa mwaka 1968 na makadirio ya idadi ya waliokufa. Hoja kuu ni kwamba kutegemeka si sifa ambayo chanzo kinayo chenyewe, bali ni uhusiano kati ya chanzo na swali ambalo chanzo hicho kinaulizwa. Chanzo kimoja huweza kuwa shahidi dhaifu kwa swali moja na shahidi mzito kwa swali jingine. Insha inahitimisha kwamba majibu ya kukariri, yanayokataa maandishi ya kikoloni kwa sababu ya upendeleo na kukataa masimulizi kwa sababu ya usahaulifu, humwacha mwanafunzi bila njia yoyote ya kuyajua yaliyopita.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa historia hujifunza mapema kwamba historia ina vyanzo vyake: masimulizi ya mdomo, maandishi, akiolojia, isimu, makumbusho na nyaraka. Baada ya orodha hiyo hujifunza orodha ya pili, inayohusu ubora na udhaifu wa kila chanzo. Masimulizi yana udhaifu kwa kuwa msimulizi husahau, hutia chumvi na hatoi tarehe. Maandishi yana udhaifu kwa kuwa mwandishi huwa na upendeleo na kwa kuwa asiyejua kusoma hawezi kuyatumia. Akiolojia ina gharama kubwa na huhitaji wataalamu. Orodha hizi huandikwa ubaoni, hunakiliwa daftarini, hukaririwa, na hatimaye hurudishwa kwenye karatasi ya mtihani karibu kama zilivyotolewa.

Orodha hizo hazina kosa zikiwa mwanzo wa mafunzo. Tatizo hujitokeza pale aina ya swali inapobadilika. Swali linalosema "taja udhaifu wa masimulizi ya mdomo" hujibiwa kwa orodha. Lakini swali linalomwekea mtahiniwa dondoo la mtu fulani, lililoandikwa au kusemwa wakati fulani, kisha likauliza ni kwa kiasi gani dondoo hilo linategemeka, haliwezi kujibiwa kwa orodha iliyotungwa kabla dondoo halijasomwa. Hata hivyo, mtahiniwa aliyezoea orodha huijibu kazi ya pili kwa nyenzo za kazi ya kwanza. Huandika kwamba mwandishi alikuwa Mjerumani, kwa hiyo alikuwa na upendeleo, kwa hiyo chanzo hakitegemeki. Au huandika kwamba msimulizi alikuwepo wakati wa vita, kwa hiyo alishuhudia, kwa hiyo chanzo kinategemeka. Majibu yote mawili huweza kuandikwa bila kusoma hata mstari mmoja wa dondoo.

Insha hii inaonesha kwa nini majibu ya namna hiyo hayatoshi, na jibu linalotosha huwa na sura gani. Vita vya Maji Maji vimechaguliwa kwa sababu tatu. Ni tukio linalofundishwa katika ngazi zote za elimu nchini Tanzania. Vyanzo vyake vimetoka pande zinazopingana. Na maswali yanayotokana nalo bado yana madai hai, kama sehemu ya mwisho ya insha itakavyoonesha.

2.0 Maana ya Swali la Kutegemeka

Swali la kupima chanzo lina historia yake katika mitihani. Nchini Uingereza, mradi wa Schools Council History 13–16, ulioanza mwaka 1972, ulisisitiza kwamba mwanafunzi wa shule afundishwe namna wanahistoria wanavyotumia ushahidi, badala ya kupewa matokeo ya kazi yao peke yake. Msimamo huo uliingia katika mtihani wa GCSE uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1988, na maswali ya kupima vyanzo yakawa ya kawaida. Lengo la awali lilikuwa kufundisha namna ya kufikiri. Hata hivyo, namna ya kufikiri ikishawekewa alama, huwa ni rahisi kuigeuza kuwa kanuni ya kukariri.

Tofauti kati ya kanuni na kufikiri ilioneshwa vizuri na utafiti wa Sam Wineburg uliochapishwa mwaka 1991 nchini Marekani. Wineburg aliwapa wanahistoria wanane na wanafunzi wanane wa sekondari nyaraka zilezile kuhusu mapigano ya Lexington ya mwaka 1775, akawataka waseme kwa sauti yale waliyoyafikiri walipokuwa wakisoma. Alibaini kwamba wanahistoria walifanya mambo matatu: walitazama kwanza nani aliandika na kwa nini, waliiweka hati katika wakati na mahali pake, na walilinganisha hati moja na nyingine. Wanafunzi kwa kawaida walisoma hati kama kitabu cha kiada, wakitafuta habari ndani yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba wanahistoria hawakumuuliza mwandishi habari zake ili wamkubali au wamkatae moja kwa moja. Waliuliza ili wajue namna ya kumsoma.

Katika Kiswahili lipo tatizo la nyongeza linalotokana na neno lenyewe. "Chanzo" humaanisha mahali habari inapotoka, na pia humaanisha sababu ya tukio. Swali linalouliza "je, chanzo hiki kinategemeka katika kueleza chanzo cha vita?" linamtaka mtahiniwa atenganishe maana mbili za neno moja. Watahiniwa wasiotenganisha huishia kuandika insha juu ya sababu za vita, wakiwa wameacha kabisa kazi ya kumpima shahidi. Watunzi wa mitihani wanaweza kuzuia jambo hilo kwa kutumia "sababu" pale wanapokusudia sababu.

3.0 Kitabu cha Gavana Götzen

Gustav Adolf von Götzen alikuwa Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia mwaka 1901 hadi 1906. Mwaka 1909 alichapisha Berlin kitabu kuhusu vita hivyo, Deutsch-Ostafrika im Aufstand 1905/06. Katika maelezo yake, uzito mkubwa umewekwa kwenye nguvu ya waganga na imani ya maji kama msukumo wa uasi. Mtahiniwa anayeandika kwamba Götzen alikuwa na upendeleo kwa sababu alikuwa Mjerumani amesema jambo lililo karibu na ukweli, lakini amelieleza kwa sababu isiyo sahihi.

Ushahidi wa kosa hilo ni Gavana aliyemfuata. Albrecht von Rechenberg, aliyechukua madaraka mwaka 1906, alikuwa Mjerumani vilevile na Gavana vilevile. Yeye aliviona vita hivyo kuwa vimetokana hasa na manung'uniko ya kiuchumi. Kama Ujerumani ndiyo ingekuwa sababu ya maelezo ya Götzen, Rechenberg naye angeandika hayohayo. Kilichowatofautisha ni nafasi ya kila mmoja mbele ya swali. Mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja, ambapo wananchi wa kusini mwa pwani walilazimishwa kulima chini ya usimamizi wa majumbe na maakida, ulianzishwa mwaka 1902, chini ya utawala wa Götzen mwenyewe. Kusema kwamba watu waliinuka kwa sababu ya pamba kulikuwa sawa na kusema kwamba waliinuka kwa sababu ya sera yake. Rechenberg hakuwa na mzigo huo. Kwake, kulaumu sera za aliyemtangulia kulifungua njia ya kutetea sera zake mwenyewe. Kwa hiyo naye ana masilahi yake, na mtahiniwa makini hatamwamini Rechenberg bila kumpima kwa sababu tu anakubaliana na kitabu cha kiada.

Kwa swali la sababu za vita, basi, kitabu cha Götzen ni shahidi anayepaswa kusomwa kwa tahadhari. Lakini swali likibadilika, uzito wake hubadilika. Kuhusu mbinu za kijeshi zilizotumiwa kuwashinda wananchi, kitabu hicho kina thamani kubwa. Hakifichi kwamba njaa ilitumika kama silaha: kwamba chakula na mazao viliharibiwa ili watu walazimike kujisalimisha. Kauli hiyo haimpi sifa yule anayeitoa mbele ya wasomaji waliokuwa tayari wakiilaumu serikali ya kikoloni. Mtu anapokiri jambo linalomgharimu, sababu ya kudhani kwamba amelibuni hupungua. Katika suala hili, yuleyule mwandishi mwenye upendeleo ni shahidi mzito, na uzito wake unatokana na upande aliosimama.

4.0 Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini

Chanzo cha pili ni Utenzi wa Vita vya Maji Maji, uliotungwa na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Ulichapishwa Ujerumani mwaka 1933, na ukatolewa tena mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Watahiniwa wanaokutana na utenzi huu hugawanyika makundi mawili. Kundi moja huukubali wote kwa kuwa mtunzi alikuwa Mwafrika aliyeishi wakati wa vita. Kundi jingine huukataa wote kwa kuwa ni ushairi, na ushairi ni sanaa, si historia.

Makundi yote mawili yanaacha kuuliza utenzi ni chombo cha aina gani. Utenzi una mizani na vina, na mtunzi hulazimika kuchagua neno litakalokubaliana na sauti ya mwisho wa mshororo. Idadi, siku na majina yanayosimama mahali pa kina yanahitaji kulinganishwa na chanzo kingine kabla ya kutumiwa. Utenzi pia una desturi zake za kuanza, za kumtaja Mwenyezi Mungu na za kulieleza tukio kama funzo kwa wasikilizaji. Sehemu zinazofuata desturi hizo zinaeleza zaidi juu ya fani kuliko juu ya tukio. Kilicho nje ya desturi, hasa jina la mahali padogo au kisa kisicho na faida yoyote kwa funzo la utenzi, kina nafasi kubwa zaidi ya kutokana na habari iliyosikiwa au kuonwa.

Aidha, kusema kwamba mtunzi alikuwa Mwafrika hakumweki mahali pake. Lindi ulikuwa mji wa pwani, wenye Waislamu, wafanyabiashara na uhusiano wa muda mrefu na bara kupitia misafara. Mtu wa pwani aliyesoma hakuwa katika hali moja na mkulima wa milima ya Matumbi, wala hakutishwa na vita kwa namna ileile. Mji uliweza kuwaogopa wapiganaji na kuwaogopa Wajerumani kwa wakati mmoja. José Arturo Saavedra Casco, katika uchambuzi wake wa tenzi za vita vya ukoloni wa Kijerumani uliochapishwa mwaka 2007, ameonesha manufaa ya kuzisoma tenzi hizi kama vyanzo vya historia vyenye mtazamo wa jamii ya pwani. Kwa mtafiti anayeuliza jinsi miji ya pwani ilivyouona uasi wa bara, utenzi wa Abdul Karim ni miongoni mwa vyanzo vya kwanza vya kufunguliwa. Kwa mtafiti anayeuliza Wamatumbi walisemezana nini usiku kabla ya kung'oa pamba, utenzi huo una uzito mdogo.

5.0 Masimulizi ya Mwaka 1968

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda katika maeneo yaliyopigana na kukusanya masimulizi ya wazee. Kazi hiyo iliongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa, na baadhi ya matokeo yake yalichapishwa. Gwassa aliyatumia kwa upana katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1973.

Orodha ya kukariri ina jibu tayari kwa chanzo hiki: wazee husahau. Hesabu rahisi inaonesha kwamba jambo hilo lina msingi. Kati ya mwaka 1905 na 1968 ni miaka 63. Aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza alikuwa na miaka 78 alipohojiwa. Msimulizi aliyekuwa mdogo zaidi ya hapo alisimulia zaidi aliyoyasikia kuliko aliyoyaona. Kwa tarehe na mfuatano wa mapigano, nyaraka za utawala zilizoandikwa wiki hizohizo zina nguvu zaidi. Kwa mfano, tarehe 4 Agosti 1905, ambayo ndiyo inayotajwa kuwa siku aliyonyongwa Kinjikitile Ngwale huko Mohoro, inajulikana kwa sababu utawala uliweka kumbukumbu.

Lakini usahaulifu haugusi mambo yote kwa kiwango kimoja. Jan Vansina, ambaye kitabu chake cha mwaka 1961 kiliyapa mapokeo simulizi nafasi katika utafiti wa historia ya Afrika, alisisitiza kwamba kila simulizi lina njia yake ya kupokelewa na kuhifadhiwa, na njia hiyo ndiyo inayopaswa kuchunguzwa. Mtu husahau siku ya mwezi. Ni vigumu zaidi kusahau kazi ya kulazimishwa iliyorudiwa msimu hadi msimu, na viboko vya msimamizi. Masimulizi ya mwaka 1968 yanaeleza kwa kina mateso ya shamba la pamba, safari za makundi ya watu kwenda Ngarambe kuchukua maji, na njwiywila, yaani ule ujumbe wa siri ulionong'onwa kutoka mtu hadi mtu. Njwiywila haukuandikwa na Mjerumani yeyote wakati unapita, kwa sababu ulikusudiwa usimfikie. Kwa jambo hilo masimulizi si mbadala dhaifu wa maandishi. Ndiyo ushahidi mkuu uliopo.

Mahali ambapo masimulizi na maandishi ya maadui yanakubaliana pana uzito wa pekee. Götzen na wazee wa Matumbi hawakuwa na sababu ya kusaidiana, na bado wote wanashuhudia kwamba maji yalienea kwa kasi na kuwaunganisha watu wa makabila mbalimbali. Wanatofautiana juu ya maana yake: kwa Gavana yalikuwa ushirikina uliowapotosha watu, kwa wazee yalikuwa agano lililowapa watu wenye manung'uniko yao nguvu ya kusimama pamoja. Mtahiniwa anayetenganisha tukio lililokubaliwa na tafsiri inayopingwa amefanya kazi ya mwanahistoria.

Masimulizi hayo nayo yana wakati wake. Yalikusanywa miaka saba baada ya Uhuru na mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, wakati taifa jipya lilipokuwa likitafuta mizizi ya umoja wake. Tayari mwaka 1956 Julius Nyerere alikuwa amevitaja vita hivyo mbele ya Umoja wa Mataifa. Watafiti waliokwenda vijijini wakiwa na maswali juu ya umoja walipata majibu juu ya umoja. Wanahistoria wa baadaye wameuliza maswali mengine. Thaddeus Sunseri, akiandika mwaka 1997 kuhusu Uzaramo, alielekeza macho kwenye njaa, nguruwe pori walioharibu mashamba na mivutano ya wanawake na wanaume katika kaya. Felicitas Becker, mwaka 2004, alionesha nafasi ya wafanyabiashara na wakubwa wa maeneo ya kusini mashariki. Kazi hizo hazikuyafuta masimulizi ya mwaka 1968. Zilionesha mipaka ya maswali yaliyoulizwa.

Ipo tahadhari moja zaidi ambayo mtahiniwa wa ngazi ya juu anapaswa kuijua. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthiliya ya Kinjeketile, iliyosomwa shuleni kwa miaka mingi. Vitabu vya kiada navyo vilieneza simulizi moja ya vita nchi nzima. Mzee anayehojiwa baada ya hapo anaweza kumrudishia mtafiti yale ambayo mjukuu wake aliyasoma darasani. Vyanzo viwili vikikubaliana kwa sababu kimoja kimekopa kwa kingine, hapo hakuna mashahidi wawili. Yupo mmoja aliyesikika mara mbili.

6.0 Idadi ya Waliokufa

Mfano unaoonesha vizuri hatari ya kanuni ya kukariri ni idadi ya vifo. Makadirio rasmi ya Kijerumani yanayotajwa mara nyingi ni watu 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Mtahiniwa anapowekewa takwimu hizi mbili huandika mara moja kwamba Wajerumani walipunguza idadi ili kuficha ukatili wao.

Inawezekana kabisa kwamba serikali ilipenda idadi ndogo. Lakini jibu hilo halijauliza takwimu zinahesabu nini. Waliouawa kwa risasi katika mapigano ni kundi moja. Waliokufa kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa ni kundi jingine. Waliokufa kwa maradhi katika miaka ya udhaifu iliyofuata ni kundi la tatu. Ofisa anayeandika ripoti ya msafara wa kijeshi huwaona kundi la kwanza. Wa kundi la pili hufia porini au vijijini baada ya msafara kupita. Hapakuwa na sensa kamili ya maeneo hayo kabla ya vita ambayo mtu angeweza kuilinganisha na hesabu ya baadaye. Takwimu zote mbili, basi, ni makadirio, na tofauti yake inatokana na mipaka ya kuhesabu pamoja na masilahi ya anayehesabu.

Kwa upande wa jeshi la Kijerumani, vifo vilivyoandikwa ni Wazungu 15, askari 73 na wapiganaji wasaidizi 316. Hesabu hii huenda hadi mtu mmoja mmoja kwa sababu askari walikuwa katika orodha ya mishahara. Takwimu hizo mbili zikiwekwa pamoja, zinasema jambo ambalo hakuna hata moja inayolisema peke yake: dola ilijua hasa ni nani wake aliyekufa, na wengine iliwajua kwa maelfu yaliyokadiriwa. Usahihi wa idadi moja na ulegevu wa nyingine ni ushahidi juu ya utawala wenyewe. Mtahiniwa aliyeishia kwenye neno "upendeleo" hataufikia.

7.0 Sura ya Jibu Linalotosha

Kutokana na mifano hiyo, jibu linalotosha lina hatua nne. Kwanza, linataja swali ambalo chanzo kinapimwa dhidi yake. Pili, linashika kauli mahususi ndani ya dondoo, si jina la mwandishi peke yake. Tatu, linaeleza kwa nini mwandishi huyo, katika nafasi hiyo, angeweza kujua jambo hilo na kama alikuwa na sababu ya kulibadilisha. Nne, linalinganisha na chanzo kingine kilicho huru, kisha linatoa hukumu yenye kiwango: kinategemeka kwa hili, kwa sehemu kwa lile, na hakitoshi kwa jingine.

Chukulia swali hili: "Kwa kiasi gani kitabu cha Götzen kinategemeka kwa mtafiti anayetaka kujua kwa nini watu wa Nandete waling'oa pamba mwezi Julai 1905?" Jibu fupi linaloweza kupata alama za juu ni kama hili:

"Kwa swali hili kitabu kinategemeka kwa kiasi kidogo. Götzen hakuwepo Nandete, na alikuwa ndiye mkuu wa utawala ulioanzisha kilimo cha pamba cha kulazimishwa, hivyo alikuwa na sababu ya kuwalaumu waganga kuliko sera. Rechenberg, aliyekuwa Gavana baada yake, alitoa maelezo ya kiuchumi, na masimulizi ya mwaka 1968 yanazungumzia mateso ya mashamba hayo. Hata hivyo, kauli yake kwamba maji yalienea inaungwa mkono na masimulizi hayohayo, kwa hiyo haifai kutupwa. Kitabu kinafaa zaidi kueleza serikali iliuelewaje uasi kuliko kueleza wakulima waliuanzisha kwa nini."

Jibu hilo halina msamiati mgumu wala urefu wa kupita kiasi. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuliandika. Linalolitofautisha na jibu la kukariri ni kwamba haliwezi kuhamishiwa kwenye dondoo jingine bila kubadilishwa. Hicho ndicho kipimo ambacho wasahihishaji wanaweza kukitumia: jibu linalofaa kwa chanzo chochote halijakipima chanzo chochote.

Wajibu hauko kwa mtahiniwa peke yake. Mwongozo wa usahihishaji unaotoa alama moja kwa kila udhaifu uliotajwa huwafundisha walimu kufundisha orodha. Mwongozo unaotoa alama kwa kauli iliyopimwa na ulinganisho uliofanywa utawafundisha kitu kingine. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, linatoa nafasi nzuri kwa jambo hili, kwa sababu mtahiniwa hazuiliwi na lugha ya kigeni anapotaka kueleza tofauti ndogo kati ya kuamini, kushuku na kukubali kwa sehemu.

8.0 Hitimisho

Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wengi wa Kingoni walinyongwa Songea, na siku hiyo hukumbukwa kila mwaka. Miongoni mwa viongozi walionyongwa katika siku hizo ni Nduna Songea Mbano, ambaye mji huo umebeba jina lake. Familia yake imehifadhi masimulizi kwamba kichwa chake kilichukuliwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wazao hao na kuomba radhi kwa yaliyotendwa.

Dai la familia ni swali la kutegemeka kwa chanzo, nje ya chumba cha mtihani. Anayejibu kwa orodha, kwamba masimulizi hayategemeki kwa sababu watu husahau, hufunga mlango kabla ya kutafuta. Anayejibu kwa orodha ya pili, kwamba wazao wanajua kwa kuwa ni wazao, hatoi njia ya kutambua mabaki ya mtu mmoja kati ya mengi yaliyohifadhiwa bila majina. Simulizi la familia linaeleza nini kitafutwe na kwa nini. Daftari za makumbusho na kumbukumbu za jeshi zinaweza kueleza wapi. Vipimo vya mabaki vinaweza kueleza kama kilichopatikana ndicho. Kila chanzo kinategemeka kwa sehemu yake ya swali, na hakuna kinachoweza kubeba swali zima.

Mwanafunzi anayefundishwa kupima vyanzo kwa namna hiyo anafundishwa kumsikiliza shahidi bila kumwabudu na kumshuku bila kumdharau. Anayefundishwa kukariri udhaifu wa kila chanzo hufika mwisho wa orodha akiwa amewakataa mashahidi wote, na wale waliong'oa pamba ya Nandete hubaki bila mtu wa kuwaeleza.